GIMP kwa picha za zamani, uzoefu wangu na picha ya bibi

Kama una picha ya familia imekunjika au imepata madoa, naomba ujaribu GIMP, programu ya kompyuta ya kurekebisha picha, kabla hujakimbilia zile app za simu za kubonyeza mara moja. Mimi nilianza na app. Picha ni ya bibi mzaa mama, ya studio, nyeusi na nyeupe, imekaa miaka na miaka chini ya sanduku ikapata mkunjo unaokata shavu na doa la maji la njano, app ikanirudishia fasta picha inang'aa lakini kipini cha puani hakuna, imekiona uchafu ikakifuta, na macho ikamwekea mengine kabisa. Mama akaiangalia weee halafu akaniuliza, "Huyu nani?" Iliniuma sana.

Nikaanza upya. Steshenari wakaniskania kwa 600 dpi (nukta 600 kwa kila inchi, ili picha itoke na undani wote), na hapa sikiliza, waambie waskani kwa rangi hata kama picha ni nyeusi na nyeupe, na wakupe faili la TIFF, lisilopunguza ubora wa picha, sio JPEG. Sababu ya rangi ni hilo doa. Ndani ya GIMP unaenda Colors, Components, Decompose, unachagua RGB, picha inagawanyika chaneli tatu, yaani picha moja kwa kila rangi, nyekundu, kijani na bluu, ile ya bluu doa limekaa jeusi tii, ila ya nyekundu karibu halionekani, basi unachukua hiyo nyekundu unaendelea nayo. Nilishangaa, doa nililodhani litanimaliza limeondoka dakika moja.

Mkunjo sasa ndo ulinitoa jasho. Unatumia Heal, kifaa cha kuziba kasoro kwa kunakili sehemu ya jirani, unashika Ctrl unabonyeza ngozi ya jirani isiyo na mkunjo, unaachia, unapaka kidogo kidogo kwa brashi ndogo, tena kwenye leya mpya, yaani tabaka tupu juu ya picha, na umewasha Sample merged (Heal isome na picha iliyo chini) ili ukikosea unafuta leya tu picha haijaguswa. Shavu peke yake jioni mbili. Menyu zake ni nyingi, siku ya kwanza nilikaribia kuacha, lakini programu ni bure kabisa na ukishaidaunlodi haihitaji bando. Na kubwa kuliko yote, inagusa pale ulipogusa wewe tu. Pembeni ya kipini kuna kivumbi kimebaki, nimekiacha makusudi, sikutaka kusogea pale.

Nimeprinti, iko sebuleni kwa mama. Ile yenyewe nimeirudisha sandukuni kwenye bahasha ya karatasi, isikae tena kwenye nailoni ikala unyevu.