Kispika kinachotangaza malipo dukani, huu ni mwezi wangu wa saba niko nacho

Wenye maduka madogo wenzangu, kile kispika kinachokaa kaunta pamoja na kibao cha QR (ule mchoro wa miraba unaoskaniwa kwa simu), mteja akilipa kwa simu kinataja kwa sauti hela iliyoingia, naomba niwaambie ukweli wake maana kabla sijachukua nilitafuta mtu wa kuniambia nikakosa.

Kilichonisukuma ni meseji feki. Jioni duka limejaa, unapima huku, unarudisha chenji kule, mtu anakuinulia simu "si unaona nimeshatuma", unatupia jicho unampa mzigo, usiku ukifunga hesabu hela haipo. Ilinitokea mara mbili na ya pili iliniuma sana, siku nzima namwangalia kila mteja kama mwizi na wengi ni watu wangu wa miaka. Sasa hivi simu ya mtu siitazami kabisa, sauti ikitoka beba mzigo wako, haijatoka tunasubiri wote. Halafu QR ya kibao haina kiasi ndani yake, mteja ndo anaandika mwenyewe, juzi kuna mama kaongeza sifuri moja, kispika kikataja kiasi chote tukageuka wote wawili, nikamrudishia pale pale. Kingekuwa kimya angeshaondoka.

Na wanaosema haya mambo ni ya maduka makubwa si kweli jamani. Hizo QR kampuni ya Denso Wave ya Japani ilizitengeneza 1994 kufuatilia vipuri vya magari, leo karatasi moja iliyoprintiwa inamtosha muuza genge, na India tangu UPI, mfumo wao wa kulipana kwa simu, ianze 2016 hivi vispika vimefika mpaka kwa wauzaji wa barabarani.

Shida zake sasa. Kina laini yake ndani, netiweki ikiyumba kinanyamaza, halafu ghafla kinatangaza malipo matatu mfululizo hujui ipi ya nani. Chaji kampuni iliyonipa kispika waliniambia inakaa siku kadhaa, changu siku ya pili jioni kimezima. Kubwa zaidi ni hela kuchelewa kufika kwenye akaunti, kuna ya Ijumaa ilikwama mpaka Jumatatu na mi mzigo nanunua Jumamosi asubuhi, napiga simu huduma kwa wateja wananizungusha tu, kwa mtaji wetu huu hiyo inaua duka kabisa.

Daftari la madeni bado liko chini ya kaunta, apu yao haina sehemu ya kukopesha. Na kila asubuhi napitisha ukucha pembeni mwa kibao nione kama kuna mtu kabandika stika yake juu ya yangu, huo wizi upo.

Nakipa nne kwa tano, hiyo moja nimekata kwa ajili ya Ijumaa ile. Ukitaka kuchukua, mwambie wakala aje akiwashe kaunta kwako saa ya jioni netiweki ikiwa nzito, lipia hela kidogo mara tatu kwa hiyo QR na uhesabu sekunde mwenyewe kabla hujasaini.