Aqua X-Urban ya 2015: sentimita mbili nilizozilipia milioni tatu

Siku ile nililala chali chini ya magari matatu kwenye yadi moja ya Dar es Salaam, nimetandika khanga, futi mkononi. Muuzaji alisimama pembeni ananitazama tu. Mimi gari nalinunulia Mikindani, si Mikocheni, na nilishajiapiza kwamba sirudi Kusini na gari litakaloacha sampo yake, lile bakuli la oili chini ya injini, kwenye jiwe la kwanza ukishapita Mnivata.

Mimi ni mkunga. Naishi Mikindani, kazi iko Mtwara mjini, kilomita kumi na kitu kwenda na nyingine kama hizo kurudi, mara nyingine saa nane za usiku. Kila baada ya wiki mbili napanda Newala kwa mama. Gari langu la zamani, cc 1,500 la petroli tupu, lilikuwa linanipa kilomita 12 kwa lita, na kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wakitoa bei mpya za mafuta nilikuwa nakaa chini kupanga upya matumizi ya mwezi mzima. Hapo ndipo nilipoamua kuchukua haibridi, gari la petroli linalosaidiwa na umeme. Lakini haibridi ipi? Naona wenzangu wengi wanauliza "Aqua bei gani?" kama vile Aqua ni moja. Au wanaangalia namba ya usajili, hii namba D, hii namba E, wakati namba inakuambia gari liliingia lini nchini, haikuambii kitu kuhusu gari lenyewe.

Aqua hizi za Toyota tunazoziona mitaani kwetu nyingi ni NHP10, yaani kizazi cha kwanza, kilichotoka Japani Desemba 2011. Ndani yake kuna daraja za L, S na G. L ndiyo ya chini kabisa. Niliyoionyeshwa mimi madirisha ya nyuma unazungusha kwa mkono. Mwishoni mwa 2014 ikaongezwa X-Urban, iliyoinuliwa kidogo, na plastiki nyeusi za kulinda bodi pembeni kule chini. Katikati ya 2017 sura ikabadilishwa, jina la X-Urban likaondoka ikaja Crossover. Ile mpya kabisa ni ya 2021 na bei yake kwangu ilikuwa ndoto, kwa hiyo sikupoteza muda nayo. Injini ya NHP10 zote ni ile ile, cc 1,500, inasaidiana na mota ya umeme, na betri kubwa iko chini ya kiti cha nyuma. Kwa hiyo ukimsikia mtu anakwambia G ina nguvu kuliko S, mwache aseme. Tofauti yake ni viti, taa na mapambo.

Mezani kwangu yalibaki magari matatu: Aqua S ya 2012 kwa milioni 14 na nusu, Prius ya 2010 kwa milioni 15 na ushei, na X-Urban ya 2015 kwa milioni 17 na nusu. Fielder haibridi ilinivutia kwa buti lake, na mfumo wake ni ndugu wa Aqua, ila bei ilinishinda. Honda Fit ya 2013, ile ya GP5, sikuigusa. Ina giaboksi ya klachi mbili, na mwaka wake wa kwanza tu kiwanda kiliziita tena mara tano kurekebishwa. Huku Mtwara nani atanifungulia giaboksi ile?

Shemeji yangu alikuwa upande wa Prius. "Shemeji, chukua Prius. Injini cc 1,800, tangi lita 45, unafika Dar bila kusimama." Hoja yake ilikuwa na uzito. Prius ya kizazi kile, tunayoiita Prius 30, imetulia barabarani kuliko Aqua, hilo nalikubali hadi leo. Ukiwa na safari ndefu za lami inakubeba kama basi. Lakini mafundi wa haibridi wanajua ugonjwa wake. Kuna kipoozeo cha moshi unaorudishwa kwenye injini. Kikijaa masizi, joto halisambai sawa kwenye silinda, na mwisho wake gasketi inaungua. Aqua nayo ina kipoozeo hicho, ila malalamiko mengi yako kwenye Prius 30, na ile ya 2010 hakuna aliyeweza kunionyesha kama kiliwahi kusafishwa. Halafu futi likamaliza ubishi. Kwenye karatasi za kiwanda Prius na Aqua S zote zimeinuka sentimita 14 kutoka ardhini. Pale yadi Prius ilisoma 14 kavu, na S ya 2012 ikasoma 13 na nusu, springi zimeshachoka. X-Urban ilisoma 16.

Sentimita mbili ni upana wa kidole gumba. Ukikaa Dar utaona ni kitu kidogo. Nilipokuwa nanunua, Machi 2023, lami ya kwenda Newala ilikuwa inaishia Mnivata, kilomita 50 kutoka Mtwara, na kutoka hapo ni vumbi, mifereji ya mvua katikati ya njia na mawe yaliyochomoza mpaka Tandahimba na kupita. Tangu nimelichukua, X-Urban imegusa chini mara mbili, zote nikiwa nimebeba watu wanne na magunia. Gari la zamani nilikuwa nasikia chuma kikikwaruza kila safari, nami nikikwaruzika moyoni. Mei 2024, kimbunga Hidaya na mvua zake kilipokata barabara ya kwenda Dar upande wa Somanga, tulikaa mpaka njia ya muda ilipofunguliwa. Nilipopita pale siku za mwanzo, magari madogo mbele yangu abiria walikuwa wanashushwa ili gari lipande. Mimi nilipita na mama yangu ameketi.

Maji lakini ni habari nyingine. Kuinuka sentimita mbili hakukupi ruhusa ya kuingia kwenye mto. Betri iko chini ya kiti, na kile kiti kiko chini. Maji yakifika kizingiti cha mlango, geuza. Mimi nimegeuza mara moja, nikalala Lindi kwa dada.

Sasa betri, maana ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote. Yadi ile ile iliniambia S ya 2012 "betri mpya kabisa, imebadilishwa". Nikaomba kuwasha, nikafungua kiyoyozi mpaka mwisho, tukakaa. Vijiti vya betri kwenye skrini vilishuka kutoka karibu kujaa hadi viwili ndani ya dakika chache, injini ikanguruma, vikapanda tena haraka mno. Betri nzima haifanyi hivyo. Inashuka taratibu na kupanda taratibu. Fundi niliyekwenda naye akachomeka kifaa chake chini ya usukani, akasoma kwenye simu voltiji za kila kundi la seli. Kundi moja lilikuwa linaanguka mbali na wenzake kila tukikanyaga mafuta. Kwenye X-Urban makundi yote yalikwenda pamoja kama kwaya. Hapo ndipo uamuzi wangu ulipokamilika, hata kabla ya kuzungumza bei. Fundi huyo nilimlipa 50,000, na nawaambia kwa dhati: msinunue haibridi bila mtu mwenye kifaa hicho. Na ombeni karatasi ya mnada ya Japani. Yangu ilikuwa gredi 4, na kilomita zilizoandikwa zilikaribiana na za kwenye dashibodi. Ukikuta R, gari hilo lilishagongwa likatengenezwa.

Mkiagiza wenyewe kutoka Japani, kumbukeni umri wa gari unaingia kwenye kodi. Likipita miaka 8 linaongezewa ushuru wa uchakavu, likipita 10 unaongezeka tena. Ingieni kwenye kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, kabla ya kulipa chochote, maana gari la zamani linaloonekana rahisi huko linaweza kufika bandarini limeshalingana na lililo jipya zaidi.

Mafuta: Mikindani na mjini napata kilomita 22 kwa lita. Newala 20. Dar, kiyoyozi kikiwa kimewaka njia nzima, 19. Msitarajie zile 35 na zaidi za karatasi za Kijapani, hazijapimwa kwenye joto la Mtwara. Kwa mwezi natembea kama kilomita 1,200. Zamani zilikuwa lita 100, sasa ni kama 57. Faida kubwa iko mjini, kwenye kusimama na kuondoka, kwa sababu kila ukikanyaga breki mota inageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Kwenye lami ndefu injini inafanya kazi karibu muda wote. Nikishuka mlima wa Newala kuelekea Masasi naweka gia ya B. Injini inashika gari na breki hazinuki.

Kuna kosa moja nililolifanya mimi mwenyewe. Betri inapumua kupitia tundu lenye wavu, liko chini, mbele ya kiti cha nyuma, usawa wa miguu ya abiria. Msimu wa korosho wa mwaka ule nilimbebea mama magunia mawili, nikayasimamisha pale pale sakafuni. Tulipofika Nanyamba feni ilikuwa inavuma mpaka inasikika juu ya redio. Nilisimama, nikahamisha magunia, baada ya muda ikatulia. Fundi wangu wa Chikongola alipolifungua tundu lile alikuta vumbi jekundu na nyuzinyuzi za khanga zimeganda kama zulia. Sasa analisafisha kila miezi mitatu, anachukua 15,000. Namwamini kwa kuwa aliniambia kabla sijauliza.

Betri ndogo ya volti 12 nayo iko huko huko chini ya kiti, ndani ya gari wanapokaa abiria, kwa hiyo inatakiwa ile yenye mrija wa kutoa gesi nje. Duka moja hapa mjini lilitaka kuniwekea ya kawaida "inaingia tu". Nilikataa, nikaagiza Dar, ikaja na basi kwa siku mbili.

Ninachokilalamikia kwenye X-Urban ni tairi. Ni 175/60R16, na mara mbili nimezunguka mji mzima wa Mtwara bila kuipata, wakati tairi za Aqua za kawaida zipo kila kona. Ninazo mbili za akiba nyumbani, nimezifunika turubai zisichomwe na jua. Tangi ni lita 36 tu, kwa hiyo ukienda Dar jaza Mtwara na uongeze Nangurukuru. Buti ni dogo. Ndoo mbili za pweza na begi, limejaa.

S ya 2012 ilinunuliwa wiki ile ile niliyoondoka, na muuzaji alinitumia picha yake ikitoka getini. X-Urban yangu jana imefikisha kilomita 31,000 tangu nilipoitoa pale yadi. Springi bado zinasoma 16.