Uzoefu wangu: kumlipa mkadiriaji majenzi kabla ya kubomoa jiko, Moshi

Jiko letu hapa Rau lilijengwa na marehemu baba mkwe katika miaka ya 1980, na tangu wakati huo halikuguswa ila kwa kupakwa rangi. Kaunta ya saruji ilikuwa imepasuka, makabati ya chini yalikuwa yameliwa na mchwa, na kila masika ukuta wa upande wa sinki ulitoa unyevu. Mimi na mume wangu tulikuwa tumeweka akiba ya shilingi milioni 6.5 kwa kazi hiyo. Fundi wa kwanza tuliyemwita alilizunguka jiko kwa dakika kumi, kisha akaniambia, "Mama, milioni sita inatosha, tuanze Jumatatu." Nilimwuliza hizo milioni sita ni za nini na nini, akajibu kwamba ni za kila kitu. Jibu hilo ndilo lililonifanya nimtafute kwanza mkadiriaji majenzi, yaani mtaalamu wa kukokotoa vifaa na gharama za ujenzi.

Watu wengi hudhani kwamba mkadiriaji huitwa kwenye ujenzi wa maghorofa tu, nami nilidhani hivyo hivyo. Niliyempata ni binti aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, na ada yake ilikuwa shilingi 200,000. Alikuja mara mbili, akapima kila ukuta, akaniuliza tunapika kwa nini, tuko wangapi nyumbani, na wageni wakija wakati wa Krismasi tunapikia wapi. Baada ya wiki moja alinikabidhi mchanganuo wa kurasa nne ambao ulitenganisha vifaa na ufundi katika kila kipengele. Jumla ilikuwa shilingi 7,500,000, na juu yake aliongeza asilimia 10 ya dharura, yaani shilingi 750,000. Nilisikitika siku hiyo, lakini afadhali nilisikitika kabla ya nyundo ya kwanza.

Thamani ya kazi yake niliiona kwenye marumaru. Fundi alikuwa ametuambia tununue boksi 14 kwa ajili ya sakafu. Mkadiriaji alionyesha hesabu yake wazi: sakafu ni mita 3.6 kwa mita 3, ambazo ni mita za mraba 10.8; ukiongeza asilimia 10 ya vipande vinavyokatwa na kuvunjika unapata mita za mraba 11.88, na boksi moja la marumaru za sentimita 60 kwa 60, lenye vipande vinne, hufunika mita za mraba 1.44. Kwa hiyo zinahitajika boksi tisa. Tulinunua tisa za kutengenezwa nchini, kwa shilingi 38,000 kila moja, na vilibaki vipande viwili ambavyo nimevihifadhi kwa ajili ya ukarabati wa baadaye. Boksi tano tulizoepuka peke yake zilirudisha karibu ada yake yote. Alinifundisha pia kuuliza, katika kila duka, kama bei ninayotajiwa imejumuisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, kwa sababu maduka mawili yanaweza kuonekana kuwa yanatofautiana bei kumbe yanatofautiana risiti.

Makabati ndiyo yaliyokuwa mzigo mkubwa: shilingi 3,100,000, kwa kuwa nilitaka mninga kila mahali. Hapo ndipo tulipokaa mezani, sisi watatu, tukapunguza. Milango ya chini inayoonekana ilibaki ya mninga. Masanduku ya ndani yakawa ya plaiwudi, hasa chini ya sinki, kwa sababu ubao wa MDF, ule wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, ukinywa maji huvimba na haurudi. Na kwenye ukuta wa dirisha tukaacha makabati ya juu, tukaweka rafu za wazi. Gharama ya makabati ikashuka hadi shilingi 2,200,000, na jumla mpya pamoja na dharura ikawa shilingi 7,260,000. Pengo lililobaki tulilijaza kwa kusubiri miezi mitatu na kuendelea kuweka akiba, jambo ambalo lilitufaa kwa namna nyingine: tulianza Juni, mvua za masika zikiwa zimekatika, na seremala akapata mbao zilizokauka.

Kuhusu gesi alikuwa makini kuliko mafundi wote watatu waliopita hapa. Aliweka kipengele cha kuutoa mtungi wa kilo 15 nje, pamoja na tundu la hewa karibu na sakafu, kwa kuwa gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama chini.

Upungufu haukukosekana, na ninauandika kwa kuwa huenda ukamgusa mwingine. Hakuna aliyefungua ukuta wakati wa makadirio. Tulipobomoa kaunta tulikuta mabomba ya chuma ya zamani yameoza kwa kutu hadi ndani ya ukuta, na kuyabadilisha kuligharimu shilingi 540,000, ambazo zilikula sehemu kubwa ya fedha za dharura. Katika nyumba yenye umri kama wa kwetu, ninaamini asilimia 10 ni ndogo. Mimi ningetenga 15 au zaidi. Vilevile mchanganuo ulitaja bei ya graniti kwa mita, mita 4.2 kwa shilingi 300,000 kila moja, bila usafiri wa kutoka Arusha, ambao ni kilomita zipatazo 80, na bila kukata tundu la sinki. Hayo yaliongeza shilingi 150,000. Wala hapakuwa na kipengele cha maisha ya nyumbani wakati jiko limefungwa: kwa wiki tatu tulipikia bandani kwa mkaa, na mkaa pamoja na chakula cha kununua vilitugharimu shilingi 140,000.

Mwishowe tulitumia shilingi 7,430,000, bila kuhesabu ada ya mkadiriaji. Tulizidisha bajeti kwa shilingi 170,000, na kila shilingi iliyozidi ninajua ilikwenda wapi. Ufundi tulilipa kwa awamu tatu kufuatana na mchanganuo ule, vifaa tukavinunua wenyewe, na hatukugombana na fundi hata siku moja.

Mwakani tunakusudia kukarabati bafu. Nimekwisha kuzungumza na binti yule yule, na tumekubaliana kwamba safari hii fundi bomba atangulie kufungua ukuta kabla yeye hajaandika tarakimu yoyote.