Spitfire Mk.IX ya Eduard katika Kipimo cha 1/48: Seti Inayodai Mkono Mwepesi

Mjenzi wa modeli za plastiki anayenunua seti ya Spitfire Mk.IX (yaani toleo la tisa la ndege hiyo ya kivita ya Uingereza ya Vita Kuu ya Pili, hapa ikiwa imepunguzwa mara 48) kutoka Eduard, kampuni ya Jamhuri ya Cheki, ananunua kwanza kabisa ngozi ya ndege. Nimeijenga seti hii kuanzia kiti cha rubani hadi ncha ya mkia, na nimeridhika kwamba thamani yake kubwa iko juu ya uso wa mabawa na kiwiliwili, ambako mistari ya maungio ya mabamba na safu za ribiti, yaani misumari inayoshikilia mabamba hayo, zimechorwa kwa wembamba wa kupendeza sana. Karibu kila uamuzi wa mjenzi, uwe wa gundi, wa msasa au wa rangi, ama huulinda uso huo ama huufukia. Seti ilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 2013 na imerudiwa mara nyingi katika maboksi yenye alama tofauti. Tathmini hii inahusu toleo la ProfiPACK, ambalo pamoja na plastiki na vioo lina vipande vyembamba vya shaba vilivyopakwa rangi kiwandani, vizibio vilivyokwisha kukatwa vya kufunika vioo wakati wa kupaka rangi, na alama za kubandika za ndege kadhaa.

Kabla ya kufungua boksi inafaa kujua ndege hii ilizaliwaje, maana historia yake ndiyo inayoeleza umbo lake. Spitfire, iliyobuniwa na R. J. Mitchell wa kampuni ya Supermarine, iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 5 Machi 1936. Mwaka 1941 Wajerumani walipoingiza vitani ndege ya Focke-Wulf Fw 190, marubani wa Uingereza waliokuwa wakirusha Spitfire Mk.V walijikuta wamezidiwa, na jawabu la haraka likawa kuichukua ndege iliyokuwepo na kuitia injini ya Rolls-Royce Merlin 61, yenye mtambo wa kusukuma hewa wa hatua mbili. Kikosi namba 64, kilichokuwa Hornchurch, kilizipokea za kwanza katikati ya mwaka 1942. Ilikusudiwa iwe ndege ya kuziba pengo tu hadi toleo bora zaidi likamilike, lakini zilitengenezwa zaidi ya 5,000. Kwa mjenzi, injini hiyo ina maana ya pua ndefu zaidi, rafadha ya mapanga manne, ekzosi sita kila upande badala ya tatu, na rejeta mbili zinazolingana chini ya mabawa. Mambo hayo yote Eduard wameyapata sawasawa, na ukiiweka modeli mezani, ikiwa na upana wa bawa hadi bawa wa takriban sentimita 23, unaitambua mara moja kuwa ni Mk.IX.

Nadhani si bahati kwamba Wacheki wameishughulikia ndege hii kwa uangalifu huo. Vikosi vya Chekoslovakia namba 310, 312 na 313, vilivyoundwa Uingereza na marubani waliokimbia nchi iliyokaliwa na Wajerumani, viliirusha Mk.IX mwaka 1944, na Agosti 1945 vilirejea nyumbani na Spitfire zao. Baada ya Wakomunisti kushika serikali mwaka 1948, wengi wa marubani hao waliteswa, wakafungwa au wakanyimwa kazi. Kwa hiyo mtu anayeandika juu ya modeli hii herufi NN, DU au RY, ambazo ndizo zilizokuwa alama za vikosi hivyo vitatu, anaandika habari ya watu waliolipa mara mbili.

Sasa nirudi kwenye ngozi. Wahandisi wa Supermarine walitaka kujua ni wapi ribiti zilazimike kulala sawa na bamba na ni wapi zingeweza kuachwa zenye vichwa vya mviringo, ambazo zilikuwa rahisi na za haraka kuzipiga. Wakachukua njegere kavu zilizopasuliwa nusu, wakazigundisha juu ya ribiti za ndege ya majaribio, kisha wakairusha. Njegere hizo zilipozagaa mwili mzima, ndege ilipoteza kasi ya karibu kilomita 35 kwa saa. Waliendelea kuzibandua kwa mafungu hadi walipojua ni wapi zinadhuru, na matokeo yake ni kwamba mabawa yalipewa ribiti laini ilhali sehemu ya nyuma ya kiwiliwili iliachwa na ribiti za vichwa vya mviringo. Kwenye seti hii ribiti zote zimetobolewa kuingia ndani, hata huko nyuma ya rubani. Kwa jicho lililo umbali wa mkono mmoja tofauti haionekani, na mimi sikuibadilisha, lakini mjenzi anayetaka usahihi kamili anaweza kuziba vitobo vya sehemu ya nyuma na kubandika ribiti za rezini zinazouzwa zikiwa juu ya karatasi inayolowekwa majini ili kubandikwa. Kazi hiyo ni ndefu na sidhani ni lazima.

Lililo lazima ni kutozifukia ribiti hizo kwa rangi. Praima, yaani rangi ya msingi, ipulizwe nyembamba sana, rangi zimiminwe kwenye bomba la kupulizia zikiwa zimezimuliwa vizuri, na kila tabaka lipewe muda wa kukauka kabla ya jingine. Nimeona modeli nyingi za ndege hii zilizopakwa rangi nzito hadi mabawa yakawa laini tupu, na hapo fedha iliyolipwa kwa ajili ya uchongaji wa Eduard inakuwa imepotea. Baadaye, rangi ya mafuta iliyozimuliwa hadi iwe maji ya kijivu iliyokoza hupitishwa juu ya uso mzima na kufutwa kwa kitambaa, kila mara kwa kufuata mwelekeo wa upepo kutoka mbele kwenda nyuma, hadi ibaki ndani ya mistari na vitobo peke yake. Nashauri kijivu kuliko nyeusi. Nyeusi huifanya ndege ionekane kama iliyochorwa kwa kalamu.

Chumba cha rubani ni sehemu tajiri mno, na nilikaa hapo muda mrefu kuliko popote. Fremu za kiwiliwili, kiti, kuta za pembeni, pedali na usukani wenye mshiko wa duara huunganishwa kipande kwa kipande, halafu dashibodi hujengwa kwa tabaka mbili za shaba, la chini likiwa na nyuso za saa na la juu likiwa na matundu yake. Tone dogo la vanishi inayong'aa ndani ya kila tundu huzipa saa hizo kioo, na ni hatua ninayomsihi mjenzi asiiruke. Mikanda ya kiti nayo ni ya shaba, na inafaa ipashwe moto kidogo juu ya mshumaa ili ilegee kabla ya kukunjwa, ila ijulikane kwamba rangi ya kiwandani itaungua na itabidi ipakwe upya kwa mkono. Mimi huona ubora wa mkunjo unastahili kazi hiyo ya ziada, kwa maana mkanda ulionyooka kama rula huliua jicho. Jambo la kuangalia ni kwamba kijani-kijivu kilichochapishwa kwenye shaba na kijani-kijivu cha chupani mara chache hulingana. Njia nzuri ni kupaka kuta zote kwanza, kuzilinganisha na shaba kwenye mwanga wa mchana, kisha kupaka upya kingo za shaba zisizokuwa na maandishi. Kiti kipakwe hudhurungi yenye wekundu, kwani viti vingi vya Spitfire vilitengenezwa kwa karatasi iliyogandishwa kwa rezini, wala havikuwa vya bati.

Katika kuunganisha mwili, maeneo mawili yanadai subira. La kwanza ni boneti la juu la injini, ambalo kwenye ndege halisi lilikuwa bamba moja lisilo na mstari katikati, na kwenye seti huja nusu mbili. Mstari huo lazima uondoke kabisa. Ninapendekeza nusu hizo ziunganishwe peke yake kwanza, zipewe siku nzima kukauka, zizibwe kwa supa glu badala ya puti laini, kisha zipigwe msasa wa maji taratibu, na ribiti zilizofutika zirudishwe kwa sindano iliyofungwa kwenye kishikio. La pili ni mashimo ya magurudumu, ambayo kuta zake ni vipande vya pekee vilivyopinda. Kuta zikikaa hata kidogo juu ya mahali pake, bawa la juu halitafunga, na pengo litajitokeza mahali pabaya zaidi, yaani pale bawa linapokutana na kiwiliwili. Unganisha bila gundi kwanza, angalia kwenye mwanga, punguza, kisha rudia. Usukani wa mkia na vibao vya mabawa vinakuja peke yake na vinaweza kuinamishwa. Miguu ya magurudumu itazamwe kutoka mbele kabla gundi haijashika, kwa kuwa Spitfire husimama kwa miguu iliyokaribiana na kosa dogo la pembe huonekana.

Rangi za nje za Mk.IX zilizokuwa Ulaya ya kaskazini ni kijani kilichokoza na kijivu cha Ocean Grey juu, pamoja na kijivu chepesi cha Medium Sea Grey chini, ukingo wa njano mbele ya nusu ya nje ya kila bawa, na koni ya rafadha na mkanda wa nyuma vyenye rangi ya Sky, ambayo ni kijani chepesi mno. Nilichagua ndege ya Juni 1944 kwa sababu ya mistari ya kuzitambulisha ndege za Washirika katika uvamizi wa Normandy: mistari mitano, mitatu myeupe na miwili myeusi, kila mmoja wenye upana wa takriban sentimita 46, ambao kwa kipimo hiki ni milimita 9.5. Mistari hiyo ipakwe, isibandikwe. Mafundi walioipaka walifanya kazi usiku na mchana, mara nyingi kwa brashi, siku moja au mbili kabla ya tarehe 6 Juni, siku ya uvamizi huo, na ukingo uliopinda kidogo au weupe unaoonyesha kijani chini yake ni ukweli wa kihistoria.

Katika kuchakaza ndege, wajenzi wengi hupitiliza. Mapanga mengi ya rafadha za kampuni ya Rotol za ndege hii yalikuwa ya mbao zilizogandamizwa, hivyo mikwaruzo ya rangi ya fedha juu yake ni kosa. Mlango wa rubani uko kushoto, kwa hiyo mikwaruzo ya viatu ni haki ya shina la bawa la kushoto, na upande wa kulia ubaki safi zaidi. Usukani wa mkia ulifunikwa kwa kitambaa, na unafaa upauke tofauti kidogo na chuma kilicho jirani nao. Vitambaa vyekundu vilivyobandikwa juu ya midomo ya bunduki za rashasha ili kuzuia vumbi vinaonekana vizuri sana, lakini ukitaka kuonyesha ndege iliyotoka vitani, vitoboe na uweke moshi mwembamba chini ya bawa. Moshi wa ekzosi nao uanze kama kijivu chepesi, uongezwe kidogo kidogo.

Alama za kubandika zinaingia vyema ndani ya mistari zikisaidiwa na maji ya kulainishia, na karatasi ya pili ya maandishi madogo ya matengenezo inastahili kubandikwa yote, ingawa inachosha, kwa kuwa maandishi hayo huupa uso wa ndege kipimo chake. Sisi wa pwani tuwe waangalifu na vanishi. Unyevu wa Mombasa au Dar es Salaam wakati wa masika huingia ndani ya vanishi zenye kiyeyushi kikali na kuacha ukungu mweupe, hivyo ni heri kupuliza asubuhi kavu au kutumia za maji. Za maji ni rahisi pia kuagiza kutoka nje, kwani rangi zinazowaka moto hazipokelewi hivi hivi kwenye mizigo ya ndege. Mwongozo wa seti unataja rangi za kampuni ya Gunze, na mjenzi atafute jedwali la kulinganisha kabla ya kununua.

Seti ya Weekend ya kampuni hiyohiyo ina plastiki ileile kwa bei ndogo, bila shaba wala vizibio vya vioo. Kwa anayejenga ndege yake ya kwanza au ya pili ningemshauri achukue hiyo, anunue vizibio peke yake, na fedha inayobaki aiweke kwenye msasa mzuri na rangi bora. Aliyekwisha kuzoea vipande vidogo achukue ProfiPACK, na asiongeze rezini yoyote isipokuwa magurudumu, ambayo yakiwa ya rezini huokoa kazi ya kusafisha mstari wa katikati ya tairi.