Nimekwenda dago Kansas: siku mbili kando ya ziwa la El Dorado

Nyota nne kati ya tano. Naanza na hilo ili asiyetaka maneno marefu aondoke na jibu lake mapema.

Sasa mwenye wakati akae. Toka nirudi Wete, Pemba, kila nikitokeza barazani ni suali moja tu, ulifika New York? Skufika. Nililala kwenye nyasi. Mtoto wa ami yangu anakaa Wichita, Kansas, katikati ya Marekani kabisa, bahari ukiitaka uendeshe gari siku nzima, na mie nilikwenda kumzuru mwezi wa tisa, siku ya tatu tu akanambia kaka wikendi hii tunakwenda kempingi. Nkamuuliza kempingi ndio nini hasa, akasema tunabeba hema, mikeka, sufuria na chakula, tunakwenda kulala kando ya ziwa siku mbili kisha tunarudi. Nkamwambia hilo si dago, kambi ya wavuvi ya kulala ufukweni? Baba yangu Mungu amrehemu nusu ya umri wake kalala dago, na alikuwa akirudi na ng'onda, samaki wa kukausha, na pesa ya kula, leo mie nitoe pesa ndio nilale chini? Akacheka, akasema utaona.

Basi nimeona, na nnakuandikieni kwa sababu najua wengi humu mna jamaa huko na siku mkialikwa mtapelekwa madukani tu.

Mahali penyewe panaitwa El Dorado State Park, ni hifadhi ya jimbo, na kwa Kansas nzima ndio kubwa kuliko zote katika hizo za jimbo. Kutoka Wichita ni kama kilomita 50 hivi, hata kikombe cha chai ulichobeba hakijapoa ushafika. Jina wenyewe wanalitamka "El Dorédo", mie nlitamka kama lilivyoandikwa, yule bibi wa getini akanitazama kwa huruma. Mji wa El Dorado uko hapo hapo jirani, ni mji wa mafuta, mafuta yaligunduliwa 1915, lakini hilo si letu leo.

Ziwa si la asili. Ni mto Walnut umezibwa kwa boma la udongo, kazi imefanywa na wahandisi wa jeshi la Marekani ikamalizika 1981, maji yakatanda kama hekta 3,200. Na nakwambieni mapema, ukitoka kwetu na macho yako ya ufukwe wa Vumawimbi ukategemea maji ya buluu utanuna. Maji yana rangi ya chai ya maziwa upepo ukivuma. Na ndani ya maji kuna miti imekufa imesimama wima, ile iliyokuwa msitu kabla mto haujazibwa, asubuhi mapema korongo wanatua juu yake mmoja mmoja kila mtu na mti wake, kimya, na ukungu chini yao. Hapo ndipo nlipoanza kulegea moyo.

Malipo: gari tulilipa dola 5 kwa siku kuingia, kisha kulala unalipa mbali, na bei ya kulala inategemea umechukua nafasi ya namna gani. Kuna nafasi za umeme na maji kwa wale wenye nyumba za magurudumu, na wallahi zile si gari, zile ni nyumba, nimeona moja ina televisheni nje na zulia limetandikwa juu ya majani. Na kuna nafasi za kawaida za mtu na hema lake, hizo ndio rahisi na ndio tulizochukua. Hifadhi imegawika sehemu nne, na sie tulikuwa Bluestem Point. Buking unafanya onlaini na ufanye mapema, Ijumaa jioni yale magari makubwa yanaingia kwa msururu.

Kila nafasi ina meza ya mbao na benchi zake, na ina duara la chuma la kuwashia moto lenye wavu juu wa kuchomea. Bafu la pamoja lina maji moto. Safi, silaumu. Ila choo ni karatasi tu, na hilo si la kwao peke yao, ni nchi nzima, kwa hivyo mtu wetu asitoke nyumbani bila kopo lake. Sie tulikata galoni la maziwa tukapata kopo zuri kabisa.

Haya, hema. Hema tulinunua duka moja Wichita, silitaji jina, muuzaji alituapia linaingia watu sita. Labda watu sita wa kitabuni. Vigingi vyake vilikuwa vyembamba kama sindano za kushonea magunia, na ardhi ya kule, jamani, sikilizeni vizuri hapa. Ukichimba kidogo tu unakutana na jiwe. Chokaa, na ndani ya chokaa kuna gumegume, lile jiwe gumu la kupigia cheche, ndio maana vilima vya pande zile vinaitwa Flint Hills, vilima vya gumegume ndio maana yake. Kigingi cha kwanza kikapinda. Cha pili kikapinda. Cha tatu nkakipiga kwa hasira kikaruka hatujakiona mpaka leo.

Na mie kosa langu, nakiri. Nilipofika nkaona nafasi moja iko kwenye ncha kabisa, maji huku na maji huku, nkasema hapa hapa, picha zitatoka nzuri. Shemegi yangu akasema jamani kule kwenye miti si bora? Nkamwambia wewe shemegi usinfundishe mie kulala ufukweni, mie mtoto wa mvuvi. Basi saa nne usiku kusi likaanza.

Kusi nnaliita kusi kwa sababu linatoka kusini kweli kweli na linavuma kama la kwetu la mwezi wa saba, halina mchezo. Mtoto wa ami akanambia hili jimbo hata jina lake linatokana na kabila la wenyeji wa mwanzo, Wakansa, wenyewe wanaitwa Kaw pia, na watu wengi hulifasiri jina lao kuwa ni watu wa upepo wa kusini. Ananipa habari hiyo hema limeshalala juu ya uso wangu! Nkamwambia hii habari ulikuwa uipe mchana. Saa nane za usiku tunalihamisha hema kwa tochi ya simu, watoto wamelala ndani ya gari, shemegi hasemi neno, na kule kutosema kwake ndio kulinimaliza zaidi. Baba angenicheka sana. Watu wa dago hawatizami mahala pazuri, wanatizama upepo unatoka wapi, ndio hilo tu, na mie nimezaliwa nalo nkalisahau kwa ajili ya picha.

Kwa hivyo ukienda: nyuma ya miti. Na nunua vigingi vya chuma kinene, vinauzwa peke yake, si pamoja na hema.

Asubuhi baada ya sala (kibla cha kule ni kaskazini mashariki, usiende kwa mazoea ya kwetu ya kuelekea kaskazini, tizama simu) tulitengeneza chai ya mdalasini na hiliki, nlikuwa nimebeba kutoka Pemba, na maboflo, yani mikate, ya kule ni laini kama sponji hayana maana. Jamaa wa nafasi ya jirani, mzee mmoja na mkewe, wakaja kuuliza hiyo harufu ni nini. Tukawapa kikombe kikombe. Yule mzee akatuletea kuni, akasema msibebe kuni za mbali kuja nazo hapa, mnaweza kuleta wadudu wa miti, nunueni za karibu.

Uvuvi: usitie ndoana majini kabla ya leseni. Mgeni wa miaka 16 na kuendelea lazima awe na leseni, nlicheka mpaka machozi, mtu wa Tumbe, kijiji cha wavuvi, aombe karatasi ndio atie mshipi majini! Lakini unaipata kwa simu pale pale. Mie nlipata kambare mmoja wa kadiri, tukampaka chumvi, ndimu na pilipili tukamtia juu ya wavu. Kambare wa kule hana harufu ya tope kama nlivyodhani. Hamfikii samaki changu wa kwetu, lakini anakwenda.

Jengine la majini, vaa viatu. Kuna kome wadogo wana mistari kama punda milia, si wa asili ya Marekani, walikuja kutoka pande za Ulaya mashariki na wakaenea, na 2003 walipoonekana Kansas kwa mara ya mwanzo ilikuwa ziwa hili hili. Magamba yao yanakata mguu kama wembe. Mwenye boti anaambiwa aimwage maji yote, aisafishe na aikaushe kabla hajaipeleka ziwa jengine, vibao vimejaa.

Lakini ziwa, kwa kweli, mie naona ni kisingizio. Watu wanakwenda kwa maji, kitu chenyewe kiko nyuma yako, nyasi.

Siku ya pili tulichukua gari tukapanda kaskazini kwa barabara ya 177, kama saa moja hivi, mpaka Tallgrass Prairie National Preserve karibu na Strong City, hiyo ni hifadhi ya nyasi ndefu inayosimamiwa na serikali kuu, imeanzishwa 1996, kuingia ni bure. Na usicheke, najua unasema nyasi hata Pemba zipo. Hizi si hizo. Kuna moja wanaiita big bluestem, mwezi wa tisa inakuwa imepita kichwa changu na mie si mfupi, kichwani ina matawi matatu kama mguu wa bata mzinga, na rangi si kijani tena, inaingia wekundu wa shaba, na upepo ukipita inalala yote kwa pamoja kisha inainuka. Nlisimama pale nkahisi niko juu ya dau. Nasema kweli. Hakuna mti, hakuna nyumba, mawimbi tu mpaka mwisho wa macho, na kwa mara ya mwanzo toka nilipotoka nyumbani nkahisi pumzi imekaa sawa. Mizizi yake inashuka chini kupita urefu wa mtu, ndio maana wakiichoma moto inarudi. Na wanaichoma makusudi, kila masika ya kwao, mwezi wa tatu na wa nne, bila ya moto miti inaingia na kuimeza.

Zamani hizi nyasi ndefu zilikuwa eneo la kutisha, kama eka milioni 170 kutoka Canada mpaka Texas, skuhizi imebakia chini ya asilimia 4. Kwingine kote wamelima mahindi na soya. Sasa kwa nini hapa pamebakia? Lile jiwe. Plau ilishindwa. Sie tunajua hayo, nenda Micheweni kwenye maweni au uwanda wa Makunduchi, jembe linalia juu ya jiwe, mtu anapanda kwenye vishimo vishimo. Kule wakashindwa kulima wakaachia ng'ombe wale majani. Lile jiwe lililonipindishia vigingi ndio lililoziokoa nyasi, nkalisamehe.

Nyati wao wa mashingo manene, baisoni, tuliwaona kwa mbali, wamerudishwa hapo tangu 2009. Usiwakaribie. Kuna watu wanakwenda nao selfi, sijui wana roho ngapi.

Ubaya sasa, kwa sababu bila ya ubaya mtasema nimelipwa. Kuna vidudu vidogo vyekundu, macho hayavioni, vinaitwa chigazi, ni jamaa ya utitiri wa kuku. Vinakaa kwenye majani marefu, hukuhisi kitu siku hiyo, kesho yake kiunoni na kwenye soksi mwili unawaka. Nlijikuna mpaka uwanja wa ndege. Na kuna kupe, mmoja ana doa jeupe mgongoni, huyo akikuuma anaweza kukusababishia mzio wa nyama nyekundu, yani mtu hali tena ng'ombe wala mbuzi. Nlipoambiwa hivo nkatia suruali ndani ya soksi kama askari, pilau la sikukuu silichezei. Kwa hivyo suruali ndefu, dawa ya wadudu, na usikae juu ya majani bila ya mkeka.

Usiku usiache chakula nje. Rakuni, kama paka mnene kavaa miwani, alifungua boksi letu la barafu kwa mikono akachukua mkate, sambusa akaziacha. Shemegi mpaka leo hajui afurahi au achukie.

Netiweki ipo karibu na ziwa, ukipanda vilimani inakatika. Wenye watoto watie na mchezo wa karata.

Mwezi wa tisa ni mzuri, mchana joto, usiku unataka shuka mbili. Wao wenyewe wanasema mwezi wa tano na wa sita kuna radi na vimbunga vya nchi kavu, na wakati wa joto kali wa mwezi wa saba chigazi ndio wako kileleni. Jumapili mchana wengi wanaondoka, ukiweza bakia usiku wa Jumapili, sie tulibakia, na kambi nzima tulikuwa sie na yule mzee na mkewe na mbweha wakilia ng'ambo ya ziwa.

Nyota ya tano nimeizuia kwa lile kopo.