Kizimba cha mtumba na mbwa aliyekuwa hafiki Pongwe

Nimekaa na hiki kizimba miezi mitano, nadhani sasa naweza kukisema. Ni cha plastiki, cha kusafirishia mbwa, rangi ya kijivu, mlango wa wavu wa chuma, urefu kama sentimita 60. Nilikinunua hapahapa Tanga kwa muuza mitumba ya vyombo. Alianzia 85,000, tukavutana mpaka 60,000. Akaniapia kabisa: "Mama, humu mbwa hatapiki. Chukua uende ukalale."

Alitapika. Jumamosi ileile, hata Pongwe, njiani kwenda Muheza, hatujafika.

Simba (jina kubwa, tumbo dogo) alikuwa na miezi mitatu na nusu nilipoanza kwenda naye Muheza kwa mama kila mwisho wa wiki, maana nyumbani Sahare sina wa kumwachia. Safari yenyewe si kitu, kilomita 35 hivi, lami tupu. Lakini yeye hata mjini hatujatoka ameshaanza: miayo mitatu minne mfululizo, anajilamba midomo, udenda unavutika kama mlenda, kisha tumbo linapiga hk, hk, hk, na ugali wote uko kwenye kiti.

Kwangu kiti kikichafuka haishii kwenye kufua. Jirani yangu, mama wa Kidigo ninayempakia kila nikienda Ngamiani, ni mtu wa swala zake tano. Mate ya mbwa kwake ni najisi. Yakigusa nguo ni kuosha mara saba, moja kati ya hizo kwa maji yenye udongo. Hakuwahi kunilalamikia. Alianza tu kusema, "Leo napanda bajaji mwanangu, usijisumbue." Mara ya pili nikaelewa, na ndipo nilipoanza kutafuta kizimba.

Kwa kazi hiyo, sina la kulaumu. Sehemu ya chini ina kina kama karai na haina tundu, kwa hiyo kila kinachotoka tumboni kinabaki humo. Unafungua vibanio vya pembeni, unatenganisha juu na chini, unapeleka bombani na sabuni, unaanika juani, basi. Ndani natandika kanga iliyochakaa. Gazeti nililijaribu, linaserereka kwenye kona na mtoto anaserereka nalo. Jirani amerudi kupanda gari, tena mbele, na vitumbua vyake mapajani.

Kilichomtuliza tumbo ni kingine, na sikulipia hata shilingi. Nilikuwa nimempeleka kwa daktari wa mifugo kuchanjwa, nikamlilia hali. Akasema, "Mama, huyu haumwi. Ndani ya sikio kuna sehemu inayoshika mizani ya mwili, kwa watoto wa mbwa huwa bado haijakomaa. Wengi wanaacha wenyewe wakikaribia mwaka." Kisha akauliza amekula nini kabla ya safari. Nikamwambia: ugali na dagaa, bakuli zima, saa moja, saa moja na nusu tukaondoka. Aliniangalia kama mwanafunzi aliyesahau daftari.

Chakula kikawa cha jioni, na asubuhi ya safari anakwenda na tumbo jepesi, maji kidogo tu. Dirisha nalishusha vidole viwili. Kizimba, nilichokuwa nimekiweka ubavu, nikakigeuza mlango utazame mbele ili aone tunakokwenda, nikakibana kwa mkanda wa kiti. Halafu ikaja ile kazi ya kuchosha. Siku nne gari limezimwa, yeye yumo ndani anakula vipande vya samaki. Siku tatu injini inanguruma, hatuendi popote. Kisha mpaka kona ya mtaa na kurudi. Kisha Raskazone, anashuka, anakimbizana na kaa ufukweni, tunarudi. Maana ukikumbuka, kabla ya hapo gari lilikuwa limempeleka sehemu mbili tu: kwenye kutapika na kwenye sindano. Nani angelipenda?

Nilimuuliza daktari pia kama naweza kummegea Simba kidonge changu cha safari. Alikataa katakata, dawa ya mtu haikadiriwi kwa jicho kwa kitu cha kilo saba. Akanitajia maropitant, dawa ya mbwa wenyewe, ambayo mbwa anapimwa uzito kwanza na anapewa angalau saa moja kabla ya kuondoka. Akasema tuiweke akiba. Mpaka leo hatujaigusa. Wiki ya tano tulifika Muheza na udenda tu kwenye kanga.

Sasa ubaya wa kizimba. Komeo lilikufa wiki ya pili: springi ilifyatuka, tukaruka tuta, mlango ukafunguka na Simba akaja kukaa karibu na gia. Tangu hapo nafunga kwa kamba ya mkonge, na Tanga kamba ya mkonge hatukosi. Matundu ya hewa nyuma ni machache mno kwa joto letu. Gari likitembea ni sawa, likisimama juani humo ndani ni tanuri, kwa hiyo nikishuka dukani nashuka na mbwa, watu watazame watakavyo. Na kimedumu miezi mitatu tu. Mbwa anakua! Alipofika miezi sita na nusu akawa hageuki tena ndani, anatoka kinyumenyume. Muuzaji angeniuliza mbwa wangu ni wa aina gani angeuza kikubwa kwa bei kubwa, lakini hakuuliza.

Mwezi uliopita tulipanda Lushoto harusini. Simba alilala kwenye buti juu ya turubai kona zote za Mombo mpaka Soni. Aliyeomba gari lisimame ni mimi.

Kwa 35,000 ningekinunua tena. Kwa 60,000 hapana, na ukikiona mahali, fungua na ufunge komeo mara kumi hapohapo dukani, tena nenda na mbwa wako umwingize ajigeuze. Changu kiko Muheza kwa mama, kuku anaatamia humo mayai tisa, na mlango bado tunaufunga kwa kamba ileile.