Tahadhari Goma: bareti za RAM zenye stika ya uongo, mashini inawaka lakini skrini nyeusi

Ndugu zetu wenye laptopi za mtumba, hasa HP EliteBook 840 G1 na Dell Latitude E7440, muwe macho. Kuna bareti za RAM (vipande vya kumbukumbu ya kompyuta) zinazotembezwa Birere na katikati ya mji: stika inasema 8GB PC3L-12800S, bei iko chini, risiti hakuna. Ukiiweka, taa inawaka, feni inazunguka, skrini inabaki nyeusi. Ukirudi kulalamika unaambiwa bodi kuu imeungua, kisha unapewa bei ya kutupwa ili mashini yako ikatwe vipuri. Usiiuze! Mara nyingi mashini ni nzima kabisa.

Ujanja uko kwenye herufi L ya PC3L. RAM ya aina ya DDR3 ya kawaida inatumia volti 1.5, yenye L, yaani DDR3L, volti 1.35. Zote mbili za laptopi zina pini 204 na pengo mahali palepale, kwa hiyo inaingia bila kulazimishwa. Lakini laptopi zenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 4 yenye U mwishoni mwa jina, kama i5-4300U, zinataka 1.35 tu. Ukizipa nyingine zinakataa kuwaka, au zinawaka na kuzimika ovyo.

Stika mtu yeyote anaichapisha, kwa hiyo soma chipu zenyewe kwa tochi ya simu. Chipu ya kampuni ya Hynix ikianza na H5TC ni volti 1.35, H5TQ ni 1.5. Kwenye Samsung tazama herufi ya pili baada ya kistari: K4B4G0846D-BYK0 ina Y, ni 1.35, yenye BCK0 ni 1.5. Ile 4G ya katikati ni gigabiti 4 kwa kila chipu, na gigabiti 8 ndiyo 1GB, maana yake chipu 8 zinatoa 4GB. Bareti ya 8GB ya aina hii lazima iwe na chipu 16, nane kila upande. Ukiona nane tu, umeuziwa nusu. (Hesabu hii ni ya DDR3, DDR4, aina mpya zaidi, ya 8GB yenye chipu 8 ni kawaida.)

Wenye kompyuta za mezani, angalieni herufi ya mwisho ya namba ya PC3 kwenye stika: U ndiyo yenu. R ni ya seva. Inaingia vizuri ila mashini haiwaki.

Kama tayari umekwama, chomoa shaja, toa batri, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde 30. Rudisha bareti ya zamani peke yake, washa, subiri dakika mbili, maana baada ya kubadilisha RAM mashini huweza kuchelewa au kujizima na kujiwasha mara moja. Ikiwaka, maneno ya bodi kuungua yamekwisha. Sasa jaribu ile mpya peke yake, tundu la kwanza, halafu la pili. Kabla ya kumlaumu mtu, futa pini zake taratibu kwa ufutio safi, ichomeke kwa kuinamisha hadi dhahabu ikaribie kupotea, kisha ilaze mpaka vibanio vya pande zote mbili vilie. Bareti iliyoingia nusu inatoa dalili zilezile. Ya zamani ikiwasha kwenye matundu yote na mpya ikikataa kote, kosa ni la bareti.

Muuzaji naye apewe haki yake: Windows ya biti 32 haitumii zaidi ya 4GB hata ukiweka 8, na hapo hakuna aliyekuibia.

Dukani, usikubali mashini iingizwe chumba cha nyuma. Wapo wanaotoa bareti yako nzuri na kurudisha mbovu, kwa hiyo piga picha ya namba zake kabla haijafunguliwa, na ya zamani urudishiwe mkononi. Mashini iwashwe mbele yako, ingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashini (F10 kwa HP, F2 kwa Dell), usome kiasi cha RAM, halafu endesha MemTest86, programu ya kupima RAM, kutoka kwenye flashi hadi imalize mzunguko mmoja mzima. Inaweza kuchukua saa nzima na zaidi, vumilia. Hata kosa moja jekundu linatosha kuikataa bareti. Pesa, iwe taslimu au kwa simu, itoke baada ya hapo, pamoja na risiti yenye namba ya bareti na siku za kuirudisha.